Jina la Mama Anold

Idete, 9 Februari 1994

Ndugu yangu Fridolin,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima. Mama Anold yuko shambani bondeni, palizi imepamba moto, mimi nimebaki hapa na shule na aibu yangu.

Aibu yenyewe siwezi kuisema kijijini, ndiyo maana nakuandikia wewe fundi baiskeli, ambaye Kiingereza hata hukitaki. Mkaguzi wa shule alikuja. Akakaa nyuma ya darasa la saba, akanakili kila nilichoandika ubaoni, kisha akaenda kuwasomea walimu wenzangu ofisini wakati wa chai. "Get-up early. Sit-down. Come-in." Kila mahali nimeweka kistari katikati, kumbe hakitakiwi. Miaka yote hiyo nimekiweka, bwana! Niliona kwenye magari ya mradi wameandika "pick-up", na kwenye makaratasi ya wale watafiti wa mbu "follow-up", nikajua ndiyo sheria, maneno mawili ya namna hiyo yakifuatana yanafungwa kamba. Walimu walicheka mpaka chai ikawapalia. Sasa naitwa Mwalimu Kistari. Watoto nao wameshalipata, nalisikia nikigeukia ubao.

Mkaguzi amesema atarudi mwezi wa sita. Akinikuta vilevile, Kiingereza nanyang'anywa, anapewa kijana aliyetoka chuoni juzi, na mimi nabaki na kilimo na michezo. Fridolin, mimi bila Kiingereza ni nani hapa Idete?

Nasikia hapo Ifakara kuna kituo kinafundisha kwa barua. Nitajiunga, ila si kwa jina langu. Wilaya nzima itajua mwalimu wa Kiingereza anafundishwa Kiingereza! Nitatumia jina la mke wangu, lile la ubatizo, Rosemery Marselino. Hapa watu wote wanamwita Mama Anold, hilo jingine analijua katekista tu. Barua zije kwako sokoni, unitumie kwa watu wanaorudi huku. Mwenyewe sijamwambia. Atanicheka, na nimechoka kuchekwa.

Wako,
Mwl. Stanislaus


Idete, 12 Februari 1994

Kwa Mwalimu wa Kiingereza,
Kituo cha Masomo kwa Barua, Ifakara.

Mwalimu mpendwa,

Mimi ni mama wa nyumbani, nimeishia darasa la saba. Napenda sana Kiingereza, lakini kuna kitu kinanitesa, nacho ni vile vistari vya katikati ya maneno kama "get up" na "sit down". Siku nyingine naviona, siku nyingine sivioni, na sijui vinafuata amri ya nani. Naomba unianzishie hapo, mengine yatafuata. Unijibu kwa mkono wa Fridolin, fundi baiskeli, sokoni Ifakara.

Wako mtiifu,
Rosemery Marselino


Ifakara, 2 Machi 1994

Dada Rosemery,

Karibu sana. Nina wanafunzi makarani, wauguzi, hata polisi mmoja, lakini mama wa nyumbani anayeanza na vistari, haki ya Mungu wewe ndiye wa kwanza. Na mwandiko wako mzuri, utadhani wa mwalimu.

Sikia, jambo lenyewe si gumu. Mtu anapofanya kitendo, maneno yanaachana: "get up", "sit down", "come in". Usiyafunge. Kistari kinakuja pale maneno hayo yanapogeuka kuwa jina la kitu. Pikapu ni gari, hiyo iwekee. Lakini Fridolin akija kukuchukua kwa baiskeli, tunasema "he will pick you up". Sasa kistari kitakaa wapi, na wewe mwenyewe umeshakaa katikati?

Usione haya kukosea. Niandikie sentensi chache za nyumbani kwako, za kweli, juu ya mumeo na kazi zako. Halafu Jumamosi moja njoo hapa kituoni tuonane, kwa mdomo mambo yanaingia haraka.

Mwalimu wako,
Balbina


Idete, 14 Machi 1994

Mwalimu Balbina,

Asante. Lile la kukaa katikati ya baiskeli limeniingia mpaka nikacheka peke yangu. Sijawahi kuelezwa hivyo na mtu yeyote.

Kuja Ifakara siwezi. Mume wangu hataki nisome, ni mtu mkali kupindukia. Akiona daftari anachana, anasema mwanamke wa jembe na Kiingereza wapi na wapi. Juzi alinifungia nje kwa ajili ya karatasi zako. Kwa hiyo nakuomba tuendelee kwa barua tu, na usimtafute, utaniharibia.

Sentensi zangu ni hizi. "My husband gets up early. He looks down on me. I will not give up."

Rosemery Marselino


Ifakara, 30 Machi 1994

Dada yangu Rosemery,

Sentensi zote sahihi, kistari hakuna hata kimoja. Nilitaka kufurahi nikashindwa. Ni mume gani huyo? Anamfungia mtu nje kwa ajili ya karatasi! Wanaume wengine Mungu awasamehe tu, sisi hatuwawezi.

Nikuambie kitu ili usijione mjinga. Mimi ni mtoto wa hapo hapo Idete. Vistari hivyo hata mimi nilikuwa navyo, na aliyenipa ni Mwalimu Stanislaus wa shule ya msingi, bila shaka unamjua. Nilivibeba mpaka chuo cha ualimu. Siku yangu ya kwanza ya kufundisha mbele ya wenzangu niliandika ubaoni "Stand-up, class." Mkufunzi akauliza, nani alikufundisha takataka hii? Nikamtaja. Nikataja jina lake na kijiji chake, darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao ili wamcheke yeye wasinicheke mimi. Mpaka leo nikikutana na wale wenzangu wananiuliza, "Stanislaus hajambo?"

Mzee wa watu hakukusudia, lakini alitupoteza wengi. Kwa hiyo ukikosea, ujue kosa si lako.

Balbina


Idete, 5 Aprili 1994

Fridolin,

Nakutumia barua yake uisome, mimi siwezi kuirudia. Huyu Balbina ni wangu! Binti wa Theodosia, yule mama wa vitumbua pale njia ya stesheni. Nimemfundisha mimi, alikuwa anakaa dawati la mbele na hakosi kunyoosha mkono. Baba yake alipotaka kumwoza ni mimi niliyekwenda kukaa kwenye kigoda chake siku nzima, sikuondoka mpaka aliposema haya, aende sekondari. Na huko alikokwenda, jina langu wamelifanya kichekesho.

Nilidhani wanaonicheka ni walimu wetu hawa hapa. Kumbe ni chuo kizima, na waliotoka chuo hicho wametawanyika nchi nzima.

Simwandikii tena. Barua zake zikija kwako, kaa nazo. Cha ajabu ni kwamba vistari nimeshaviweza, tena vizuri kabisa, kwa sababu yake.

Stanislaus


Ifakara, 19 Aprili 1994

Kwa Rosemery Marselino,
kwa mkono wa Katekista Nickolaus, kanisani, Idete.

Dada Rosemery,

Kimya chako kinanitia hofu. Nimekwenda mwenyewe kwa Fridolin sokoni, akaanza kubabaika, mara spana imemwanguka, mara hajui lolote. Nikatambua na huyo ni mtu wa mumeo. Ndiyo maana naituma kanisani, mahali ambapo hawezi kuichana.

Kama mume wako mkatili amekufungia nje tena kwa ajili ya masomo, mwambie katekista, mwambie padre, waambie wanawake wenzako. Usione aibu wewe. Aibu ni yake.

Nakurudishia na ile karatasi yako ya sentensi, nimeisahihisha. Usikate tamaa.

Mwalimu wako,
Balbina


Lupiro, 2 Mei 1994

Binti yangu Balbina,

Mimi ni Mama Anold, mke wa Mwalimu Stanislaus. Unanifahamu, mlikuwa mnakuja kwangu kuomba maji wakati wa mapumziko, na wewe ndiye uliyenivunjia kata. Jina langu la ubatizo ni Rosemery Marselino. Sijakuandikia barua hata siku moja, hii ndiyo ya kwanza.

Idete majina ya wenye barua yanasomwa baada ya ibada, hilo unalijua. Jumapili ile nilikuwa nimetoka bondeni kuamia ndege wasile mpunga. Katekista akaita Rosemery Marselino. Watu wakaangaliana, huyo ni nani? Nikasimama. Nilifurahi, Balbina, sikuficha, maana sikuwa nimepata barua tangu mama yangu alipofariki. Kusoma najua, ila nasoma pole pole, na wanawake walionizunguka barazani hawana subira. Wakasema mpe katekista atusomee. Nikampa. Akasoma kwa sauti yake ile ya kusomea epistola misani, mume wako mkatili, amekufungia nje, aibu ni yake.

Mume wangu hajawahi kunifungia nje. Hajawahi kuninyanyulia mkono. Alikuwa amesimama hapo hapo, amevaa shati lake jeupe. Watu walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi. Katekista akanipa na ile karatasi ya pili, nikauona mwandiko. Ule mwandiko nimeishi nao ndani ya nyumba, ninaupangusia vumbi kila siku. Nikamwangalia ili aseme. Yeye akawa anaangalia viatu.

Kesho yake ndugu zake wakakaa kikao. Wifi yangu Sikitu akaniuliza mbele ya wazee, kaka yetu amekukosea nini mpaka umchafue hadi Ifakara? Nikasema si mimi. Wakasema jina ni lako, au kuna mwingine? Nikamgeukia tena mume wangu. Nikamngoja. Akakohoa, akasema, "Jamani yaishe, mimi nimemsamehe."

Amenisamehe mimi!

Basi nikafunga nguo zangu, nikavuka mto pale Kivukoni maji yakiwa yamejaa, niko kwetu Lupiro. Wewe sina neno na wewe, ulikuwa unanitetea. Nilitaka tu ufahamu kwamba yule mwanafunzi wako ndiye mwalimu wako.

Mama Anold


Ifakara, 12 Mei 1994

Mwalimu wangu, shikamoo.

Barua hii nimeianza na kuichana, nimeianza na kuichana. Mama Anold ameniandikia. Nimejua.

Yale niliyoyaandika juu ya chuo, kumbe nilikuwa nakuambia usoni. Nimeona haya mpaka hapa kituoni wananiuliza kama naumwa. Ungekuwa umejiandikisha kwa jina lako, Mwalimu, mimi ningekuja Idete kwa miguu kukufundisha na nisingemwambia hata mama yangu. Lakini najua kwa nini hukujiandikisha. Ni kwa sababu ya watu kama mimi. Baba yangu mpaka leo husimulia ulivyokalia kigoda chake siku nzima kwa ajili yangu, na mimi jina lako nimeliuza kwa kicheko cha dakika moja.

Niruhusu nilifute hili. Jumapili ya tarehe 22 nitakuja. Baada ya matangazo nitasimama niseme kosa ni la kituo, kwamba tunaye Rosemery mwingine, wa Mang'ula, anayeteswa na mumewe, na bahasha zikachanganyika. Fridolin nimeshamwambia. Wewe hutasema lolote. Siri yako nitakwenda nayo kaburini.

Mwanafunzi wako,
Balbina


Idete, 24 Mei 1994

Mama Anold,

Yamekwisha! Laiti ungekuwepo ukaona. Balbina alikuja na baiskeli ya kukodi, tope mpaka magotini, akapiga goti kunisalimia mbele ya kanisa zima. Ameshakuwa mtu mzima na miwani yake, na bado anapiga goti. Kisha akasimama mbele akaeleza kwamba kuna Rosemery wa Mang'ula na bahasha zilichanganyika, akaomba radhi kwako na kwangu. Ameeleza vizuri mno, kwa utulivu, mpaka wanawake wakaanza kumsikitikia huyo wa Mang'ula na kutaka wamwombee rozari.

Sikitu ameona aibu sana, amesema mwenyewe alikuonea, na kuku amekutengea. Wazee wamesema kikao kifutwe. Jina lako limesafika na langu limesafika. Hata walimu wamepunguza yale maneno yao. Na mkaguzi anakuja katikati ya Juni, safari hii atakaa nyuma ya darasa na kalamu yake hatapata cha kunakili. Umeona Mungu alivyo mkubwa? Hakuna aliyejua na hakuna aliyeumia.

Mpunga umeiva, ndege wanatumaliza, na nyumba imepoa. Taja siku tu, nitakuja kukupokea Kivukoni.

Mumeo,
Stanislaus


Lupiro, 3 Juni 1994

Baba Anold,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mwenyewe, pole pole, hadi mwisho.

Unasema hakuna aliyeumia. Basi mimi sikuwa mtu siku ile.

Hayo mambo ya vistari aliyonieleza Balbina, mimi hata sijui vinafananaje. Ungeniambia mume wangu nimekosea na nataka kujifunza, ningekucheka, ndiyo, kidogo tu, halafu ningekuwekea chai ukae usome. Ungeniomba jina ningekupa, lina kazi gani? Hapo Idete lilikuwa limekaa bure. Hata hilo la kujiita mkatili nalicheka. Umetafuta mwanaume mbaya wa kumsingizia, ukajipata mwenyewe! Hayo yote nayacheka hapa na dada zangu.

Kikao sikicheki. Ulikaa ukanisikiliza naitwa mwongo na dada yako, nimekaa chini kwenye mkeka, wewe uko kwenye kiti. Ulikuwa na neno moja la kusema. Ukaona afadhali mimi nionekane mke anayemchafua mumewe kuliko wewe uonekane mwalimu aliyekosea. Ukanisamehe kosa lako.

Na sasa binti wa watu umemwachia aongope kanisani, siku ya Pentekoste, na umeniandikia ukiruka kwa furaha. Mimi sikuhitaji Rosemery wa Mang'ula. Nilihitaji wewe useme, "Ni mimi."

Kwa uongo wa Balbina sirudi. Kivukoni usije.

Rosemery Marselino


Idete, 10 Juni 1994

Katekista Nickolaus,

Tumsifu Yesu Kristo.

Naomba Jumapili hii, ukishamaliza matangazo, uniite mbele. Nina neno juu ya mke wangu. Alichokisema Balbina siku ile hakikuwa kweli, alikisema kwa kunihurumia, na Mama Anold hajaandika barua yoyote. Mengine nitayasema mwenyewe.

Najua nani watakuwepo. Walimu wenzangu watakuwepo, na darasa langu la saba, na Sikitu na wazee wetu. Mkaguzi naye nasikia analala kwa mwalimu mkuu kuanzia kesho, na ni mtu wa kusali. Sawa, na yeye asikie.

Nakuandikia leo kwa sababu najijua. Jumapili asubuhi nitatafuta sababu. Nitaleta habari kwamba naumwa, au kwamba ndege wameingia shambani. Usikubali, tuma watu wanilete. Na nikiwa nimekaa kwenye benchi, ukaniita nisinyanyuke, usifunge ibada. Kaa kimya hapo mbele, ungoje, watu wageuke wote wanitazame mimi, kama walivyomtazama yeye.

Stanislaus Beatus